Nchi Nane na Taa ya Mkia

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee waliostaafu, Kalamba



Katika mkutano uliopita palitokea ubishi mkubwa juu ya Shirikisho la Afrika Mashariki, na Bwana Katibu akatuagiza sisi wa kamati tulichunguze jambo hilo na kuleta maneno yetu leo. Ubishi wenyewe mnaukumbuka. Kijana mmoja wa karakana alisimama akasema: "Nchi zinazotaka kuungana na ziungane kesho. Zinazovuta miguu ziachwe nyuma. Treni haimngoji abiria." Watu wakapiga makofi. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa fayamani zamani za injini za mvuke, akasimama kwa fimbo yake, akasema: "Mwanangu, mimi ndimi niliyeachwa." Kisha akaketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Basi hotuba yetu ni juu ya maneno ya watu wawili hao. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo penye taabu.

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya wakubwa wa Arusha, na sisi wa Kalamba tungoje kuambiwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901, ilipita katika nchi yetu ya Ukambani, na jina lake lilikuwa Reli ya Uganda, ingawa Uganda ilikuwa mbali bado. Stesheni ya Sultan Hamud ina jina la Sultani wa Unguja. Tangu mwanzo tumekuwa tukilala na kuamka kando ya njia ya watu wengine. Na leo kiwanda cha matunda kipo hapa hapa Kalamba, na maembe yetu yanatafuta soko. Ushuru ukipandishwa mpakani au ukishushwa, mkulima wa Nzaui huujua kabla ya karani.

Tuanze na habari za zamani, maana vijana wengi hawakuzisikia vizuri.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na reli ya Tanganyika, zikawa shirika moja, East African Railways and Harbours. Wakati huo hapakuwa na uhuru wala bendera zetu. Waingereza waliunganisha kwa faida yao, lakini mfanyakazi aliweza kuajiriwa Nairobi akapelekwa Tabora, kisha Tororo, kisha Voi, na hesabu ya miaka yake ya kazi haikukatika. Shilingi ilikuwa moja. Ulikuwa umoja wa kutawaliwa, nasi hatuutamani, lakini ulikuwa umoja.

Uhuru ulipokaribia, ndipo mwendo ulipoanza kutofautiana. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema Tanganyika iko tayari kuchelewesha uhuru wake ili nchi zote zipate uhuru pamoja na ziungane siku hiyo hiyo. Hebu fikirini jambo hilo. Mtu aliye mbele asema atangoja. Hakungojewa wala hakungoja: Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Unguja tarehe 10 Desemba 1963, na sisi Kenya siku mbili baada ya Unguja. Kila moja ilipopata bendera, ilipata pia mawaziri, mabalozi na kiti katika Umoja wa Mataifa, na vitu hivyo mtu akishavipata si rahisi kuvirudisha.

Tarehe 5 Juni 1963, Mzee Kenyatta, Mwalimu Nyerere na Bwana Obote walitia sahihi Nairobi kwamba shirikisho litakuwa tayari kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Uganda ilikuwa na shaka zake, hasa juu ya mambo ya nchi za nje na juu ya Ufalme wa Buganda ndani yake. Tanganyika na Unguja, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakaungana wao wawili tarehe 26 Aprili 1964, na muungano huo upo mpaka leo. Huo ndio mfano wa kwanza wa wanaotaka kutangulia wakitangulia. Haukuwa bila maneno, lakini kijana wa karakana anayo haki kuutaja: kama Tanganyika na Unguja wangalingoja Nairobi na Kampala, wangekuwa wanangoja mpaka leo hii.

Sasa tuje kwa mzee.

Tarehe 6 Juni 1967 mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi Kampala. Makao yakawa Arusha. Reli ilibaki na makao Nairobi, bandari ikapelekwa Dar es Salaam, posta ikapelekwa Kampala, ili kila mmoja aone amepata chake. Lakini kila nchi ilikuwa imekwisha anza sarafu yake mwaka 1966, na mapema mwaka huo wa 1967 Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha, ikashika njia ya ujamaa, na Kenya ikabaki katika njia yake.

Na sisi wafanyakazi? Jambo hili magazeti huwa hayalisemi. Mwajiri wetu alikuwa mmoja, lakini sheria zilizotutawala zilikuwa tatu. Tanganyika mwaka 1964 iliunganisha vyama vyote katika chama kimoja, NUTA, chini ya serikali. Kenya mwaka 1965 ilianzisha COTU. Uganda ilikuwa na utaratibu wake. Dreva wa Nairobi, dreva wa Kampala na dreva wa Dodoma waliendesha injini za aina moja kwa kitabu kimoja cha kanuni, lakini kila mmoja akiwa na shauri hupeleka mlango wake. Hawakuweza tena kusema kwa sauti moja mbele ya mwajiri wao mmoja. Nchi zilipoanza kuachana, hapakuwa na chama kilichoweza kusema kwa niaba ya wafanyakazi wote wa reli. Hata kabla ya hapo, mwaka 1970, maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wale wa kazi za mikono, walitolewa katika kazi zao Uganda wakarudishwa makwao. Shirikisho la nani hilo?

Mwezi wa Januari 1971 Amin aliipindua serikali ya Obote, na Mwalimu akakataa kuketi naye meza moja. Kwa hiyo wakuu watatu hawakukutana tena. Mapato ya reli yakaanza kuzuiwa yasifike makao makuu. Mabehewa yakawa hayarudi. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege likafa, Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka Jumuiya ikazikwa. Katika Ziwa Victoria zilikuwako meli mbili za kubeba mabehewa, moja jina lake Uhuru, ya pili Umoja. Uhuru ikabaki kwetu Kisumu, Umoja ikabaki Tanzania. (Hatukutunga sisi, ndivyo ilivyokuwa.)

Mzee wetu wakati huo alikuwa kijana, kituo chake Moshi. Alifika hapa nyumbani na sanduku moja na blanketi. Vyombo vyake vingine hakuviona tena, wala baiskeli. Alipokwenda kuuliza miaka yake ya kazi itahesabiwaje, afisi moja ilimwambia aulize ng'ambo ya mpaka, na mpaka ulikuwa umefungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwezi wa Mei 1984, baada ya Mswisi mmoja, Bwana Victor Umbricht, kusuluhisha kwa miaka. Huko iliandikwa kwamba kila serikali italipa pensheni za raia wake. Karatasi ilikuwa nzuri. Lakini twajua wenzetu wa Tanzania waliofanya kazi katika mashirika ya Jumuiya walidai haki zao miaka mingi, mpaka mahakamani na mabarabarani, wazee wenye mvi. Na hapa kwetu wapo waliokufa wakiwa bado wanaandika barua.

Kwa hiyo mzee aliposema "mimi ndimi niliyeachwa," hakuwa akisema juu ya siasa. Alikuwa akisema juu ya miaka yake ya kazi.

Sasa tuangalie Jumuiya ya sasa. Mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000, na nchi zile zile tatu. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Hizo ni nane. Waliouandika walikuwa wamejifunza, maana waliweka ndani yake kanuni, katika kifungu cha saba, inayoruhusu kundi la nchi kutangulia mbele katika jambo fulani, kila kundi kwa mwendo wake, bila ya kungoja wote. Mambo makubwa yaamuliwe kwa kukubaliana wote, lakini si lazima wote watende siku moja. Palitokea shaka kama kanuni hizo mbili zaweza kukaa nyumba moja, na Mahakama ya Jumuiya ikatoa maoni yake mwaka 2009 kwamba zaweza.

Kijana wa karakana atafurahi kusikia kwamba kanuni hiyo imekwisha jaribiwa. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Bwana Amos Wako ilileta shauri la kuharakisha shirikisho liwe tayari mwaka 2013. Wananchi wakaulizwa katika miaka ya 2006 na 2007. Wengi wa Kenya na Uganda wakasema haraka. Wengi wa Tanzania wakasema polepole, na jambo kubwa lililowatia hofu lilikuwa ardhi. Tusiwacheke. Sisi wa Ukambani tunajua maana ya kuamka asubuhi ukakuta mtu na hati ya shamba lako. Hata mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza Julai 2010, uliacha mambo ya ardhi yafuate sheria za kila nchi.

Mwaka 2013, ambao ungekuwa mwaka wa shirikisho, ukawa mwaka wa kununiana. Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kukutana peke yao, Entebbe, Mombasa, kisha Kigali. Zikakubaliana raia wao wasafiri kwa kitambulisho tu, ushuru utozwe bidhaa zinapoingia bandarini, na reli mpya ijengwe kutoka Mombasa mpaka Kigali. Kitambulisho kikaanza kutumika Januari 2014, na jambo hilo ni jema. Ada ya kibali cha kazi pia zimeondoleana. Lakini Tanzania na Burundi hazikuketi katika mikutano ile, na Rais Kikwete akasimama bungeni Dodoma Novemba 2013 akauliza kwa nini wanatengwa, akasema Tanzania haitoki katika Jumuiya.

Na ile reli? Hapa tuna haki ya kusema, kwa kuwa ni kazi yetu. Reli mpya ilifunguliwa Mombasa mpaka Nairobi mwaka 2017, nasi tukapata stesheni mpya Emali na Kibwezi. Mwaka 2019 ikafika Suswa, ikakomea hapo. Uganda mwaka 2016 ilikuwa imekwisha amua kwamba bomba lake la mafuta litapita Tanga. Rwanda nayo ikaanza kuzungumza na Tanzania juu ya reli ya Isaka. Na Tanzania, ile iliyoambiwa inachelewa, ikajenga reli yake ya umeme, na abiria wakaanza kusafiri kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Aliyeachwa nyuma mwaka 2013 akawa mbele mwaka 2024. Mtu asiwe mwepesi kusema nani wa polepole.

Tena reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na hii mpya 1,435. Behewa la moja haliingii katika nyingine. Suswa shehena ikashushwa ikapakiwa upya. Kila nchi ikienda mwendo wake bila kupatana juu ya upana, si mwendo tu unaotofautiana. Njia zenyewe hazikutani tena, na hata wa polepole akikaza mwendo hatamfikia mwenzake kamwe.

Kuna mwendo wa polepole wa ukaidi, na kuna mwendo wa polepole wa sababu. Tutoe mfano wa nyumbani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, ikasema yana sumu ya kuvu. Wenzetu wakakasirika, na baada ya siku chache mpaka ukafunguliwa kwa masharti. Wengi walisema ile sumu ni kisingizio cha biashara. Labda. Lakini sisi wa Makueni na Kitui hatuwezi kucheka neno hilo. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliwaua watu 125 katika wilaya zetu hizi na za jirani, na yalikuwa mahindi ya hapa hapa, yaliyohifadhiwa vibaya. Hakuna mpaka uliofungwa ambao ungewaokoa. Kilichotakiwa ni kipimo kimoja cha mahindi, huku na ng'ambo, na watu wa kukipima. Jambo la namna hiyo halifai kuendewa kwa mwendo mbalimbali. Tumbo la mtu wa Kalamba na la mtu wa Arusha ni moja.

Sarafu moja ni jambo jingine. Mkataba wake ulitiwa sahihi Novemba 2013, ikasemwa itatoka 2024, na sasa imesogezwa mpaka 2031. Sisi hatuna haraka nayo. Ulaya wenyewe, walioanza nchi sita mwaka 1957, hawakuipata sarafu yao mpaka zaidi ya miaka arobaini baadaye, na Denmark mpaka leo haiitumii na haikufukuzwa. Na nchi nane zetu, mbili zikiwa na ugomvi wa damu, Kongo na Rwanda, na mji wa Goma ukiwa umetekwa na M23 Januari 2025, zitashikaje mfuko mmoja wa fedha?

Basi tunasema nini kwa kijana na kwa mzee?

Kwa kijana twasema, mwethya hauwezi kungoja mtu wa mwisho. Tukichimba matuta katika mlima, wanaofika alfajiri huanza alfajiri, na anayefika jua likiwa juu hupewa jembe bila ya matusi. Lakini walioanza mapema hawana ruhusa ya kusogeza alama za mpaka wa shamba wakati mwenzao hajafika. Mwaka 2013 hilo ndilo lililowaudhi Watanzania, si mwendo. Mambo yao yalisemwa wao wakiwa hawapo.

Na kwa mzee twasema hivi, kwa lugha ya kazi yetu. Treni nzito ikishindwa mlima, kanuni za zamani zilimruhusu dreva kuikata vipande viwili, apeleke cha mbele stesheni, kisha arudi kuchukua cha nyuma. Hiyo si dhambi. Lakini kabla ya kukata, breki za mkono hufungwa katika mabehewa yanayobaki, na gadi hubaki nayo. Na stesheni masta hatoi ruhusa kwa treni nyingine mpaka aone taa ya mkia imefika. Asipoiona taa ya mkia, treni haijafika, hata kama injini inapiga honi mbele yake.

Mwaka 1977 treni ilikatwa bila breki kufungwa. Mzee wetu alikuwa katika behewa la nyuma.

Kwa hivyo sisi wa kamati twaomba tawi hili lipeleke maneno yafuatayo makao makuu ya chama, nayo yafikishwe kwa wenzetu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki huko Arusha. Nchi zinazotaka kutangulia katika vitambulisho, vibali vya kazi na ushuru na zitangulie, mlango ubaki wazi. Lakini hakuna mapatano ya kutangulia yatakayowagusa wafanyakazi mpaka kwanza iandikwe mahali miaka ya kazi ya mtu inapohesabiwa, nani analipa, na analipa wapi mpaka ukifungwa. Tena michango yetu ya uzeeni isichanganywe na fedha za shirika lenyewe, maana shirika likifa hufa na vyote vilivyomo ndani yake. Tena wataalamu wanaoandika katiba ya muungano huo, ule ambao wakuu walikubali mwaka 2017 uwe kwanza wa dola zilizobaki na mamlaka yake, wakipita tena Ukambani kuuliza watu, tusiwaachie wenye suti peke yao. Vijana wa genge la njia wana maneno.

Juu ya Tanzania kuwakataza wageni biashara ndogo ndogo Julai 2025, tulikuwa na mengi ya kusema, lakini Bwana Mwenyekiti anatazama saa. Tutasema tu kwamba katika waliokatazwa wamo wana wa Ukambani waliokuwa wakiuza vitu vidogo huko, na kwamba tusilipize kwa kumsumbua Mtanzania wa Emali.

Neno la mwisho ni la kazi. Mzee yeyote aliyekuwa katika reli, bandari, posta au ndege za Jumuiya kabla ya 1977, au mjane wake, au mtoto wake, alete barua ya kuajiriwa, kitabu cha kazi, au hata hati ya mshahara, kwa Bwana Katibu. Zilizoliwa na mchwa pia zaletwa. Zitaandikwa katika daftari moja: jina, kazi, kituo, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuachishwa, kilicholipwa na kisicholipwa. Hatuahidi fedha, maana hatuna. Twataka orodha iwe tayari siku wanaoandika katiba watakapokuja, wasije wakatuambia kwamba hakuna aliyeumia.

Mzee fayamani amekwisha leta ya kwake. Nakala zitatolewa siku hiyo hiyo, na barua yenyewe itarudishwa mkononi mwa mwenyewe.